Kanta ya Mama

Msusi wangu hapa Nyakabiga amefungua chupa ya kanta, rangi nyeusi ya kuficha mvi, na harufu yake imenichoma macho kabla hajanipaka hata tone.

Nilipokuwa mtoto, mama alikuwa akijipaka kanta uani, mimi nikimshikia kioo. Hakutaka watu wa kazini wajue kwamba ameota mvi. Siku moja wakati wa vita, kanta ikiwa tayari kwenye kisahani, jirani alikuja kutuambia kwamba bibi amebaki peke yake Gasenyi, wenzake wote wamekimbia. Njia ya kule ilikuwa na vijana wenye silaha.

Mama akaimwaga kanta chini ya mgomba.

"Hautapaka?" nikamuuliza.

"Apana. Mutu muzee wanamuachaka apite."

Akavua kitambaa, mvi zikaonekana zote. Akajifunga kitenge kilichopauka, akachukua mpini wa jembe uwe fimbo yake, kisha akajifunza kutembea ameinama, toka jikoni mpaka getini. Mimi nilicheka. Yeye hakucheka.

Jioni vikongwe wawili waliingia wameshikana mikono. Nilimkimbilia yule niliyedhani ni mama, nikamkumbatia kiunoni. Alikuwa bibi. Mama alikuwa nyuma yake, akifunga geti, na hata baada ya kulifunga aliendelea kuinama mpaka ndani, mpaka alipokaa kitandani.

"Tuanze, mama?" msusi ananiuliza, brashi mkononi.

"Apana, mutoto wangu. Funga chupa."