Kioo cha Kijani cha Papa

Sisi tuliokulia Buleusa kabla ya simu kufika, mashine tuliyoijua ilikuwa moja tu: ile ya kuchorea ramani, katika ofisi ya wapimaji wa madini alimofanya kazi Papa, baba yetu. Ilinuka vumbi lililoungua. Jenereta ikiwashwa, nukta ya kijani ilitembea kwenye kioo ikichora mito na vijia, na mstari ukishachorwa ulibaki pale pale. Huwezi kufuta mmoja. Ukikosea, unabonyeza kitufe, kioo kizima kinawaka kijani mara moja, kisha kila kitu kimekwenda. Watoto wa leo simu ikisita kidogo wananuna. Sisi mto mmoja ulichorwa tukamaliza hindi zima la kuchoma.

Kazi ya kubonyeza ilikuwa yangu. Kila Papa alipomaliza aliniita, "Kuya, mama, futa," yaani njoo, binti yangu. Niliupenda ule mwanga kuliko peremende.

Vita vilipokaribia, karatasi zilikuwa zimekwisha, na mazuti ya jenereta imebaki kidogo chini ya kidumu. Asubuhi moja Papa aliingiza kanda ya ramani, akatuchorea njia ya msituni mpaka kwa bibi yetu, kijijini Muheto.

"Tukipotezana, kila muntu afike kwa koko," alisema. "Kwenye njia panda ya tatu munakamata kushoto. Hapana kupita kuume, basoda beko pale na bunduki."

Nilitazama mpaka nikaishika yote. Kisha, kwa mazoea, nikabonyeza.

Dada yangu Furaha ndiyo kwanza alikuwa anaingia, ametoka kuteka maji. Kioo kiliwaka, kikawa cheusi. Papa alianza upya, lakini mto wa kwanza haujafika katikati, jenereta ilikohoa ikazimika. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

"Utafuata mudogo wako," alimwambia Furaha. "Yeye ameona."

Tuliondoka siku hiyo hiyo. Kesho yake risasi zililia, tukatawanyika kwenye mianzi, kila mtu na upande wake. Mimi nilifika Muheto. Papa alifika baada ya siku mbili. Furaha hakufika.

Leo wanangu wanafuta picha kwenye simu, wakijuta wanairudisha kwa kidole kimoja. Nawaonea wivu, nasema kweli. Ile ramani ningali nayo kichwani nzima, mpaka njia panda ya tatu na mkono wa kushoto. Aliyeihitaji ni Furaha.