Kuku wa Kufuta Kesi

Wakati wa Mjerumani, mke mwenzangu alinipiga kwa mchi akanivunja kidole. Tulikuwa tunagombania zamu ya kinu, na kwa kweli mdomo wangu ndio ulioanza. Kwa hasira niliteremka moja kwa moja kwa akida, nikamshtaki. Kesho yake askari walimchukua, wakamfungia bomani Morogoro kungoja hukumu. Nikajisemea, sasa mume ni wangu peke yangu.

Nilijidanganya. Mume wetu, ambaye tangu anioe hakuwahi hata kupuliza moto, aliamka alfajiri akasonga ugali. Ukatoka na madonge, akaurudia. Akaufunga na mboga kwenye jani la mgomba, akashuka kupitia Bigwa hadi bomani. Ikawa hivyo kila siku. Jioni alirudi na habari za bi mdogo tu: amekonda, analala chini, anakohoa. Mimi na kidole changu kilichofungwa vijiti hatukuulizwa hali. Wivu ulinizidi.

Nikaamua kuifuta kesi. Si kwa huruma, nisiseme uongo. Nilitaka mwanamke yule arudi ili mume wangu naye arudi. Kwetu milimani aliyekosa huleta kuku, wazee wakala, maneno yakaisha. Mkosaji alikuwa ndani, basi nikakamata tetea wangu mwenyewe, nikamtia kwapani, nikafuatana na mume wangu hadi kwa bwana shauri, Mzungu aliyekuwa akiamua kesi.

"Nimemsamehe," nilisema. "Aliyepigwa ni mimi, na kidole ni changu."

Mzungu akasema maneno mawili matatu. Mkalimani akanigeukia.

"Mama, kidole ni chako, kesi ni ya serikali. Msamaha wako ameusikia, lakini hukumu ataitoa yeye."

Akaitoa palepale: miezi mitatu, akiwatwangia askari mahindi. Kuku wangu alipokelewa na askari mmoja kwa adabu zote, sikumwona tena.

Tulipanda mlima kurudi. Karibu na nyumbani mume wangu alinitazama, mara ya kwanza baada ya siku nyingi, akakishika kidole changu taratibu. Nikamsogelea.

"Kimeanza kupona, bi mkubwa," alisema. "Kesho utaweza kunitwangia unga? Nikitwanga mimi hauwi laini, na mwenzio koo linamuuma."

Nilitwanga miezi mitatu, kwa mchi uleule.