Jiwe la Kufulia

Huku Swima, kando ya Ziwa Tanganyika, kuna mwamba ambao hakuna anayeruhusiwa kuuvunja kupata kokoto, hata za kujengea kanisa. Umeshuka majini kama ngazi, na kila mke ana jiwe lake la kufulia. Langu nilionyeshwa na mama mukwe nilipoolewa. Lilikuwa chini kabisa, chini ya lake, ili povu lake linipitie. Nilikasirika, lakini nikafulia hapo hapo.

Halafu ziwa likapanda. Mvua za siku hizi hazijui tena kuacha. Majirani zetu, waliovunja mwamba wao wakauza kokoto, sasa wanafulia kwenye matope. Sisi tulikuwa na pa kupanda. Jiwe langu lilizama la kwanza, kwa hiyo nikaenda kukaa kwenye ngazi tupu ya juu, juu ya wanawake wote.

Siku hiyo povu langu lilimteremkia mama mukwe mpaka miguuni. Nikangoja matusi. Akaliangalia, akacheka mpaka akashika mbavu.

"We mutoto, hii yote ulikuwa unavumilia?"

"Miaka yote, mama."

Mwaka huu maji yameshuka kidogo na jiwe langu limetoka, jeupe kama unga wa muhogo. Asubuhi nilishuka na beseni langu kwenda kulichukua. Nikamkuta mama mukwe amekwisha kulikalia, anafua mashati ya mwanawe.

"Baki kule juu," akasema.

Nikapanda tena. Ila beseni nililiweka pembeni, povu lipite njia nyingine.