Kitwitwi Aliyekufa

Nilikuwa nikichokoa kombe za kula mchangani, pwani ya Watamu, mzungu mmoja wa serikali akaja na bunduki kutafuta ndege. Vitwitwi wa pale, vindege vya ufukweni, ni wa aina mbili, wanafanana kwa rangi na kimo, lakini mwenye macho habahatishi. Mmoja hukimbizana na wimbi: likirudi hulifuata, likija hulitoroka. Mwenzake hana habari nalo. Hudonoa papo hapo, kichwa chini kama mshona kofia.

Bwana yule msomi aliwapiga risasi wa huku na wa huku, akawalaza mkekani, akawapima midomo kwa rula mpaka jasho likamtoka.

“Wewe, yupi ni yupi?” akaniuliza.

“Mmoja hukimbia, mwingine hakimbii,” nikamwambia. “Hawa wako, bwana, wote hawakimbii.”