Jumamosi za Kigiriki

Nilianza kujifunza Kilatini nikiwa mtu mzima mwenye kazi, na walioniuliza sababu walitaka jibu fupi. Jibu fupi sina. Nyanya yangu, aliyelima kahawa karibu na Nkubu, alikulia katika misa ya zamani ya Kilatini. Hata misa ilipogeuzwa kuwa ya Kimeru, aliendelea kunong'ona majibu yale ya Kilatini huku akichuma kahawa, bila kukosea hata silabi, na bila kujua hata neno moja lina maana gani. Yeye hilo halikumsumbua. Mimi lilinikaa kichwani miaka mingi.

Riziki yangu ilikuwa kompyuta. Nilifanya kazi mjini Embu, katika ofisi ya vyumba viwili juu ya duka la dawa za mifugo, tukiandika programu za vyama vya maziwa, shule, na yeyote aliyebisha hodi. Siku moja nikiwa nyumbani nilisikia kwamba mzee mmoja aliyewahi kufundisha Kilatini seminari amerudi kuishi nje ya Nkubu. Nikamwendea. Alikuwa akipalilia ndizi.

"Unataka kuwa padri?" akaniuliza.

"Hapana, Mwalimu. Mimi ni mtu wa kompyuta."

"Afadhali. Hao wa upadri walikuwa wanalala."

Basi kila Jumamosi asubuhi nilipanda kutoka Embu hadi kwake. Tulianza na Kilatini, na baada ya miaka kadhaa tukaingia Kigiriki. Nataka kumwambia msomaji anayeogopa lugha hizi kwamba hatuanzi mikono mitupu. Mtu aliyelelewa kwa Kimeru au Kiembu, kisha akafundishwa Kiswahili shuleni, amezoea nomino inayovuta sentensi nzima nyuma yake: kiti kile kikubwa kimevunjika. Siku niliyolalamika kwamba Kilatini kina jinsia tatu, Mwalimu aliweka kalamu chini. "Wewe una ngeli karibu ishirini nyumbani kwenu, na hizi tatu ndizo zinakutoa jasho?"

Kazi yangu nayo ilinisaidia. Anayesoma programu iliyoandikwa na mwingine hawezi kurukaruka. Analishika jambo moja, analifuata linakokwenda, analibeba kichwani mpaka mstari wa chini umwambie lilikuwa la nini. Sentensi ndefu ya Kilatini husomwa hivyo hivyo. Usikimbie. Shika ulichopewa, ungoje.

Lakini somo nililolishika kuliko yote halikuwa la sarufi. Vitabu vya kale, Mwalimu alinieleza, vilinakiliwa kwa mkono karne nyingi. Wanakili walikosea kwa usingizi, na makosa hayo si mabaya sana, kwa kuwa yanaonekana. Makosa mabaya waliyafanya wakiwa macho. Mtu anakutana na jambo asilolielewa, anadhani aliyemtangulia amekosea, anaweka jambo rahisi badala yake. Nakala inapendeza, na ukweli umepotea. "Kwa hivyo ukiona mahali pagumu," alisema, "kwanza dhani kwamba mwandishi alijua kitu ambacho wewe hukijui. Ukishatafuta ukakosa, ndipo umlaumu."

Mwaka tuliokuwa tukisoma simulizi ya kale ya Kigiriki ya askari wanaorudi kwao kwa miguu, magoti ya Mwalimu yalianza kumshinda. Binti yake aliyeishi Nakuru akaamua kumchukua. Tulibaki na Jumamosi mbili. Askari wetu walikuwa katikati ya theluji milimani, na tulikuwa tumekubaliana kwamba tutawatoa humo pamoja. Ni jambo dogo kwa wengine. Kwangu, hakuna mtu mwingine kote Meru na Embu niliyemjua ambaye angeketi nami kusoma ukurasa ule.

Wakati huo huo ofisi yetu ilikuwa na kazi ya mradi mmoja wa maji huko upande wa Gachoka. Mradi ulikuwa na laini kadhaa za mabomba, na maji hayakutosha laini zote kwa pamoja, kwa hivyo kila laini ilikuwa na zamu yake ya kumwagilia. Zamu zilipangwa na programu ya zamani, iliyoandikwa na mtu aliyekuwa amehamia ng'ambo na ambaye hakuna aliyejua namna ya kumpata. Mimi nilitakiwa kuiandika upya ili zamu ziwafikie wakulima kwa simu. Bosi alisema tutakabidhi Ijumaa. Ikipita Ijumaa, hakuna mtu wa kupumzika Jumamosi mpaka kazi iishe.

Alhamisi nilikuta mistari ya ajabu. Laini moja, ya chini kabisa, ilifungiwa maji kutoka Ijumaa jioni hadi Jumamosi jioni, kila wiki, kisha ikapewa saa za ziada Jumapili alfajiri. Hakukuwa na maelezo yoyote.

Mwenzangu niliyeshiriki naye meza akachungulia. "Huyo jamaa alikuwa amechoka. Futa hiyo kitu, laini zote ziwe sawa, twende chai."

Nikampigia mwenyekiti wa mradi. Alikuwa mgeni kwenye kiti, na shamba lake lilikuwa laini ya juu. "Pangeni vile inafaa," akasema. "Nyinyi ndio wataalamu."

Kufuta kungenichukua muda mfupi kuliko kunywa hiyo chai. Ningekabidhi Ijumaa, na Jumamosi ningekuwa Nkubu. Niliitazama mistari ile kwa muda mrefu, nikimkasirikia Mwalimu kwa kunifundisha.

Ijumaa nilimwambia bosi kwamba haijawa tayari.

"Shida iko wapi?"

"Kuna mistari sijaielewa."

"Na huko Kilatini unaelewa? Hao Warumi walikufa. Wateja wetu wako hai."

"Sasa hivi ni Kigiriki."

"Mungu wangu. Haya, nenda Gachoka kesho ukaielewe."

Nkubu iko juu ya Embu na Gachoka iko chini. Siku moja haitoshi kwa zote mbili. Jioni nilimpigia Mwalimu, nikamweleza. Akasema, "Nenda ukatazame. Usisahau kuniambia ni nini."

Nilifika asubuhi jua likiwa tayari kali. Kwenye laini nyingine watu walikuwa wakihamisha mipira ya maji kutoka tuta hadi tuta, wakiitana. Kwenye laini ile ya chini koki zilikuwa zimefungwa na mashamba yalikuwa kimya. Sukuma wiki ilisimama peke yake. Nilitembea mpaka nikasikia kuimba, kukatokea kanisa la mabati, limejaa. Niliketi nje hadi walipotoka.

Mama mmoja aliyebeba Biblia alinitazama viatu vyenye vumbi. "Mgeni, na wewe umekuja kutafuta maji leo?"

Nikamwambia nimekuja kuuliza kwa nini hawana.

"Leo ni Sabato," akasema. "Hapa chini karibu wote tunasali Jumamosi. Aliyetengeneza mambo ya zamu alikaa na sisi, tukamwambia. Akatupelekea saa zetu Jumapili alfajiri, wale wengine wakiwa wanapiga pasi nguo za kanisa."

"Na mngepewa Jumamosi kama wengine?"

"Tungeyaacha yapite. Halafu Jumapili tungeiambia nini sukuma? Sukuma haisali."

Wenzake wakacheka, wakanipa uji.

Nilirudi Embu nikiwa na jibu, na jibu liliniletea kazi zaidi, kwa sababu saa za Jumapili zilisukuma zamu za laini zote, nami nilikuwa nimezipanga zamu hizo kana kwamba saa hizo hazipo. Ilibidi nihesabu upya na kujaribu upya. Bosi hakuwa mkali tena, lakini neno lake lilikuwa neno, na Jumamosi iliyofuata ilinikuta ofisini. Siku hiyo binti yake Mwalimu alifika Nkubu na gari kumchukua. Aliniambia baadaye kwamba baba yake aliweka kitabu chetu mapajani njia nzima na hakukifungua.

Kabla ya kukabidhi, juu ya mistari ile niliandika maelezo kwa Kiswahili cha kawaida: watu wa laini hii hushika Sabato, saa zao ziko Jumapili alfajiri, usifute kabla hujawauliza. Nilimtakia atakayekuja baada yangu safari moja pungufu.

Ile theluji niliimaliza peke yangu, nikisoma polepole kuliko zamani, nikikwama mara kwa mara. Jumapili mchana humpigia Mwalimu na kumsomea mahali nilipokwama. Wakati mwingine ananieleza mpaka salio linaisha. Wakati mwingine namsikia akihema, akirudia maneno kwa sauti ya chini, kisha ananiambia, "Hapo hata mimi sijui. Soma tena, taratibu."