Shali ya mama mkwe na vitambaa vya wifi

Admin, nifichie jina, maana ninayemsema yumo humu na anakomenti kila siku.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na tatu, naishi Ilala na mume wangu. Kazi yangu ni kufuma. Jioni wasichana wa mtaani wanakuja barazani kwangu, nawafundisha vitambaa vya makochi, kofia na soksi za watoto. Siwatozi kitu. Ukoo mzima nimewafumia, hakuna mtoto aliyezaliwa bila kofia yangu.

Wifi yangu, mdogo wa mume wangu, alipokuja kuishi kwetu kutoka Lindi nilimfundisha pia. Mkono wake mzito na anachoka haraka, lakini nilimvumilia kama wenzake.

Mama mkwe alipougua kule Lindi akawa analalamika baridi mwilini. Nikamfumia shali ya zambarau, pembeni vijiua vyeupe, kazi ambayo sijamfumia mtu mwingine. Wifi alikuwa anaenda kumwona, nikampa ampelekee na salamu zangu.

Mama mkwe akafariki. Tukiwa msibani, mama mdogo wa mume wangu akanivuta pembeni. "Mwanangu, watoto wa watu unawafumia, mamkwe wako ukamsahau? Amekufa anasema, 'Mke wa mwanangu anafumia mji mzima, mimi hata kikofia hajanikumbuka. Afadhali binti yangu kanifumia shali.'"

Ile shali ilikuwa imekunjwa pale pale kitandani kwa marehemu, na wanawake wanamsifu wifi. Kwa heshima ya msiba nikarudi jikoni kuwapakulia watu chakula.

Tuliporudi Dar nikamuuliza. Akacheka. "Wifi nawe, shali tu? Mama si alijifunika? Ulitaka apate joto au ulitaka sifa?" Nikamgeukia mume wangu. Akasema, "Mke wangu, yaliyopita si ndwele, tugange yajayo." Haya, nikasema moyoni, nitayaganga.

Sasa wifi anaolewa. Mama wa bwana harusi ana duka la vitambaa Kariakoo, na wifi kamwambia anafuma mwenyewe, kwamba siku ya sendofu, akiagwa kwetu, atamkabidhi seti nzima ya vitambaa vya makochi mbele ya wageni. Kisha akaja kwangu na mfuko wa uzi. "Wifi yangu, nisitiri. Unajua mkono wangu." Nikatabasamu, nikamwambia aniachie tu.

Nimefuma vyote, vyeupe, vizuri kuliko vyovyote nilivyowahi kufuma. Ila sijafunga fundo la mwisho hata kwenye kimoja. Ncha nimeichomeka tu kwa chini. Anayejua kufuma anaelewa: kitambaa kinaanzia katikati, na ukivuta ncha isiyofungwa kinafumuka chote mpaka unabaki na uzi mkononi. Wifi hawezi kugundua. Lakini yule mama wa duka nimeshamwona akipokea mzigo, hapokei nguo bila kuivuta pindo. Nawaza uso wa wifi siku hiyo, na nikiwaza nalala vizuri, sitawadanganya.

Jana mwanafunzi wangu mmoja alishika kimoja akaona ile ncha. "Mama, si ulitufundisha mtu asinyanyuke kabla hajafunga fundo?" Nikamjibu hicho bado sijamaliza. Niliona aibu mbele ya yule mtoto, ila jioni hasira ikarudi pale pale.

Wifi anakuja kuvichukua kesho kutwa. Vyote viko mapajani kwangu na sindano ninayo. Ndugu zangu, nisaidieni mawazo: nifunge, au nimwache mkwewe avute? Lakini atakayeniandikia "samehe", aniambie kwanza nani ataenda kumwambia marehemu kwamba ile shali nilimfumia mimi.