Spika za Mwalimu

Mume wangu amefundisha kwaya miaka mingi mpaka mtaa wetu wote hapa Moshono unamwita Mwalimu, na mimi nami, hata jikoni, namwita hivyo hivyo. Alipostaafu kazi ya shule, akabaki na kwaya ya kanisa, alisema hataki ng'ombe wala bodaboda ya biashara kama wenzake. Anataka redio. Si ya kusikilizia taarifa ya habari, bali mashine kamili, yenye spika zake, ya kusikilizia muziki wa okestra, ule wa zamani wa Ulaya alioupenda tangu chuoni na ambao mimi, niseme ukweli, nilikuwa nauita muziki wa msiba. Nikasema haya, mzee kahangaika na watoto wa watu maisha yake yote, mwacheni apate redio yake.

Ile ya zamani, alidai, imekufa sauti za juu. Besi inapiga, kinanda kinapiga, lakini fidla hazipo. Wakati anasema hivyo nilikuwa nachambua mchicha. Nikainua kichwa, nikasikiliza. Fidla zilikuwepo. Zilikuwa zinalia mle sebuleni kama watoto walionyimwa chai. Nikamtazama usoni nikidhani ananitania, maana Mwalimu ana utani wake wa kimyakimya. Hakuwa anatania. Nikarudi kwenye mchicha wangu.

Kwa hiyo nilijua kabla hatujaingia duka la kwanza, na hilo ndilo linaloniuma. Masikio ya mume wangu yalikuwa yanaondoka, na aliyelijua hilo ni mimi, nisiyejua hata nota moja. Ningemwambiaje? Huyu ni mtu ambaye ukikohoa kwenye mazoezi anakwambia umekohoa sauti ya tatu. Kwaya ndiyo heshima yake, ndiyo inayomfanya anyoe ndevu Jumamosi. Ukimwondolea masikio unambakishia nini?

Tukaenda mjini. Muuzaji alitupokea kwa shikamoo mbili na tabasamu, akatupeleka moja kwa moja kwenye sabufa yenye taa za rangi zote. "Mzee wangu, huu ndio mzigo! Ukiufungulia, mtaa mzima unajua upo nyumbani." Akaufungulia. Loo! Kifua kilinitikisika, madirisha ya duka yakaanza kulalamika. Mwalimu akatoa CD yake mfukoni mwa koti, akaomba iwekwe hiyo. Okestra ikaanza polepole, na yule muuzaji, akidhani kuna kilichopungua, akawa anaongeza besi.

"Besi ya nini?" Mwalimu akamwuliza. "Toa besi, nipe fidla."

Akaitoa yote. Zikabaki fidla tupu, nyembamba, kali, mpaka wateja wengine wakageuka. Mwalimu akatikisa kichwa. "Hii nayo imeziba." Muuzaji akaniangalia mimi. Mimi nikaziangalia zile taa.

Ikawa ndiyo kazi yetu. Duka hili limeziba, duka lile limeziba, mashine za siku hizi ni plastiki tupu, Wachina wametumaliza. Mimi nyuma yake na mkoba wangu, naitikia. Mwishowe tukaelekezwa Levolosi kwa mzee mmoja mwenyeji wa Tanga, anayeuza vyombo vilivyotumika Ulaya. Alitukalisha, akatuagizia kahawa, akauliza habari za nyumbani mpaka zikaisha, ndipo akaiweka CD kwenye mashine yenye spika za mbao ndefu kama kabati la nguo. Akafumba macho.

"Mashallah, Mwalimu! Hiyo fidla inalia mpaka vinyweleo vinasimama."

"Fidla ipi?"

"Si hiyo hapo."

"Iko wapi?"

Nikamkanyaga. Mzee wa watu, ndiyo kwanza tumeonana, kahawa yake iko mkononi mwangu, nikamkanyaga kwa kisigino. Akafumbua macho, akanitazama, akamtazama Mwalimu, akaelewa. "Labda ni kwa kuwa zimekaa stoo muda mrefu," alisema taratibu. "Zikizoea nyumba zitachangamka." Mwalimu akafurahi. Ndivyo spika zilivyofika Moshono, kwa uongo wa watu wawili wenye mvi.

Sasa, kwetu kitu kizuri hakikai uchi. Kochi lina kitambaa, friji ina kitambaa, televisheni ina kitambaa. Vya spika nilikuwa nimeshaanza kuvifuma siku ile ile alipotamka neno redio, vyeupe, na maua ya manjano, vya kuning'inia mpaka chini. Nikazivalisha. Mwalimu akawasha, akainama, akasema imeziba. Kisha akaviona.

"Mama! Kumbe ni wewe! Umeziziba midomo!"

Mwenzenu nilifurahi. Nimegombezwa ndani ya nyumba yangu, kwa kazi ya mikono yangu, nikafurahi. Nilivivua haraka haraka huku namwomba Mungu viwe vitambaa kweli, mimi niliyezisikia fidla hizo hizo nikiwa uani naanua nguo. Binadamu bwana! Mwalimu akakaa tena, akasikiliza. "Bado," alisema.

Zamani nilikuwa na methali yangu. Mtoto akikaidi, namtupia: sikio la kufa halisikii dawa. Siku hizi imenikauka mdomoni. Hata kwa jirani siisemi, naogopa Mwalimu asije akapita.

Kanisani nako akaanza kugombana na sauti ya kwanza, wale mabinti wa sauti za juu. Wanameza maneno, alisema, wanaimba kama wana viazi mdomoni. Mabinti wa watu waliimba mpaka mishipa ya shingo ikawatoka. Jumapili moja mwenyekiti wa kwaya, mama mwenye adabu zake, akanifuata nje baada ya ibada, wakati sadaka za mazao zinanadiwa.

"Shikamoo mama. Mwalimu haumwi?"

"Marahaba. Haumwi."

"Wenzangu wanasema tumtafutie msaidizi. Tusimwumize, lakini..."

Mnadi alikuwa ameinua mkungu wa ndizi. Nikapaza sauti, nikataja bei. Yule mama akaendelea kuninong'oneza, nikataja bei nyingine juu ya ile yangu mwenyewe. Watu wakaangua kicheko, mnadi akasema leo mama Mwalimu anashindana na nafsi yake. Nami migomba ninayo, imejaa nyuma ya nyumba. Nilikuwa nakimbia kujibu tu, na nilirudi nyumbani na mkungu nisioutaka.

Nilijaribu, jamani, msinione mwoga. Asubuhi moja nikajikaza: "Mwalimu, twende hospitali tukapime presha. Na macho. Na masikio, maadamu tuko hapo hapo."

"Masikio ya nani?"

Akanigeukia, na ule uso wake ulivyokuwa mweupe, hauna hofu yoyote, ulimi ukanisaliti. "Yangu," nikasema. Basi nikapelekwa. Yeye akakaa kwenye benchi nje akinisubiri, mimi ndani nimevalishwa vile vidude vya masikioni, nikisikia milio yote, mpaka ile midogo kabisa. Daktari akasema nina masikio ya msichana. Mwalimu akanipongeza, akaninunulia soda. Sikuweza kuimaliza.

Juzi, baada ya chakula cha mchana, aliniita sebuleni. Alikuwa amezihamisha spika, moja pembe hii, moja pembe ile, na viti viwili katikati. "Kaa hapa, Mama. Leo nadhani nimeipata."

Nikakaa. Ulikuwa muziki mzuri, sina la kubisha, nimeshauzoea. Mwalimu aliuongoza kwa mkono mmoja kama anavyofanya kanisani. Ukafika mwisho, ngoma zikanyamaza, zile sauti nene zikaondoka moja moja, ikabaki fidla moja huko juu, inaimba peke yake. Mwalimu akaushusha mkono.

"Umeona wanavyomaliza?" akasema. "Taratibu, halafu kimya. Kwaya yangu haijawahi kumaliza hivyo."

Fidla ilikuwa bado inaimba. Akainuka kwenda kuzima. Mkono wangu ulitoka wenyewe, ukamshika kiwiko.

"Ngoja kidogo, Mwalimu."

"Ningoje nini?"

Machozi yalikuwa yameshanitangulia. Akanitazama, akashangaa, kisha akaigeukia mashine. Kwenye kioo chake kidogo sekunde zilikuwa bado zinahesabika. Akazitazama muda mrefu. Akasogea mpaka kwenye spika, akaweka kiganja juu yake.

"Bado inapiga?"

"Bado."

Akarudi akaketi, akakivuta kiti chake mpaka magoti yetu yakagusana.

"Basi utaniambia ikiisha," alisema.